Watoto Waliokatwa Nukta

Mwanamke aliyepima watoto katika zahanati ile alikuwa na jina lake la kuzaliwa, lakini hata orodha ya zamu ukutani iliandikwa Mama Mizani tu, na hakuna aliyeuliza ni nani huyo. Alikuwa amepima kwa miaka kumi na tisa. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye korido, chenye dirisha moja, benchi la mbao lililong'arishwa na makalio ya akina mama, na ndoano ya chuma kwenye boriti. Hapo ndoanoni ndipo iliponing'inia mizani, uso wake wa duara kama saa ya ukutani, na chini yake suruali ya kitambaa cha buluu ambayo mtoto huvishwa akaachwa anaelea hewani akilia.

Hakuwa mtu wa kubembeleza.

"Mvue sweta. Nimesema sweta, mama, sijasema kofia."

"Usimshike mguu. Unapima wewe au napima mimi?"

Ukimwuliza swali alikutazama kama umemwomba figo. Akina mama walimwogopa, na wengine walimsengenya wakishatoka getini. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema kwamba kapima vibaya. Alingoja mtoto atulie, mshale uache kutetemeka, akainama mpaka macho yake yawe sawa na uso wa mizani, ndipo akasoma. Kati ya kilo na kilo kulikuwa na vistari kumi vidogo, na kwa Mama Mizani mtoto aliishi kwenye vile vistari. Sita nukta moja. Sita nukta tano. Mwezi mmoja wa kunyonya vizuri ulikuwa vistari vinne au vitano, na homa ya siku tatu ilitosha kula viwili. Aliandika kwa kalamu kwenye kadi ya mtoto, nukta akiikandamiza mpaka ikaonekana upande wa pili, na mama akaenda zake na kadi nyumbani.

Mwaka huo zahanati ikaletewa kompyuta. Kuanzia hapo, kabla mama hajaondoka, alipitia dirishani kwa Karani, mzee mpole aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Karani alisoma kadi, akaandika kwenye mashine kwa vidole viwili, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi, skrini ikajifuta, akaita mwingine.

Programu ile iliandikwa na binti wa kaka yake Mama Mizani. Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo la kujivunia na kutembea kifua mbele. Kwa Mama Mizani lilikuwa mwiba wa samaki kooni. Yeye na huyo binti walikuwa hawajasemeshana kwa miaka minne, tangu msiba wa kaka. Kaka aliugua kitandani miaka miwili, na Mama Mizani ndiye aliyemwogesha na kumgeuza ubavu. Binti alikuwa masomoni mbali, akafika siku ya mazishi yenyewe na sanduku kubwa la magurudumu. Shangazi, kwa uchungu na kwa uchovu, alimwuliza mbele ya waombolezaji wote, "Umekuja kuzika au umekuja kuhamia?" Watu wakaguna. Binti akaweka sanduku chini, akamtazama shangazi yake, na tangu hapo hakumwita tena kwa jina lolote.

Alipokuja kuandaa programu, binti alikaa siku nzima nzima kwenye kila meza ya zahanati. Alikaa mapokezi, alikaa chanjo, alikaa dirisha la dawa, akiandika kila kitu wanachofanya. Wafanyakazi walimwita Mtaalamu. Siku iliyobaki ilikuwa ya chumba cha mwisho. Mama Mizani alisikia viatu vyake vikija koridoni, akanyanyuka kwenye kigoda, akaufunga mlango na kukomea. Viatu vilisimama kidogo. Kisha vikarudi vilikotoka. Mama Mizani akakaa, akamshukuru Mungu kwa kumwepusha na shari, ingawa sidhani kama Mungu alihusika na lile komeo.

Miezi mitatu baadaye Sista Mkuu, aliyekuwa msimamizi wa zahanati, alimwita ofisini na kumwekea karatasi mezani.

"Soma."

Ilikuwa orodha ya watoto iliyotolewa na kompyuta, wenye alama nyekundu, wasioongezeka uzito miezi mitatu mfululizo. Watoto thelathini na mmoja. Mbele ya kila jina kulikuwa na namba tatu. Sita, sita, sita. Saba, saba, saba. Tano, tano, tano.

"Hizi sio namba zangu," alisema Mama Mizani.

"Za nani? Mizani unasoma wewe, kadi unaandika wewe."

"Mimi siandiki sita kavu, Sista. Sijawahi. Angalia kadi."

"Kadi ziko majumbani kwa watu. Na hata zingekuwa hapa, ni mwandiko wako huo huo." Sista Mkuu alivua miwani. "Nimewaita akina mama kumi nikawafokea. Nimewaambia wanawashindisha watoto njaa. Mmoja amelia hapo hapo ulipokaa, anaapa mtoto wake nguo za mwezi jana hazimwingii. Nikamtazama yule mtoto, ana mashavu kama maandazi. Sasa mwongo ni nani hapa? Umezeeka, mama. Unakadiria kwa macho, mtoto wa kilo sita unamwandika sita mwezi ujao na mwezi ujao, ili foleni iishe."

"Nakadiria? Mimi?"

"Ijumaa nakupa barua. Utahamia kwenye kufua mashuka. Mizani nitampa mwingine."

Mama Mizani alirudi chumbani kwake akaikalia ile habari kama anavyokalia mtu jipu. Sio kwamba kufua mashuka ni kazi ya aibu. Lakini miaka kumi na tisa watu walimwita jina la mizani, na sasa aondolewe kwenye mizani kwa sababu ni mwongo. Hilo ndilo lililomchoma.

Jumatano asubuhi alimpima mtoto mmoja wa kike, saba nukta nane. Alimsindikiza mama mpaka dirishani, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akamkodolea macho Karani anavyoandika. Saba. Nukta. Nane. Hifadhi. Skrini ikajifuta.

"Mrudishe," alisema.

"Nani?"

"Huyo mtoto. Mfungue tena nimwone."

"Foleni hiyo, mama, watu wanasubiri."

"Karani, mfungue mtoto."

Karani akatafuta jina, akabonyeza. Uzito: 7.

Wote wawili wakaitazama ile saba, peke yake kwenye kisanduku chake, haina aibu.

"Nane yangu iko wapi?" aliuliza Mama Mizani.

"Mimi nimeiandika. Umeniona nimeiandika." Karani alianza kutokwa jasho. "Labda ndivyo ilivyo. Mashine haikosei."

"Nani kakwambia?"

Karani akakuna kichwa, akakumbuka jambo. Wiki ya kwanza, alisema, kile kisanduku cha uzito kilikuwa kinaigomea nukta. Ukiiandika tu, yanatokea maandishi mekundu, hupiti. Akampigia simu Mtaalamu, akamwambia foleni imefika getini. Mchana ule ule kikaanza kukubali. "Nikafurahi," alisema Karani. "Nikasema huyu binti ana akili."

"Na hukufungua tena kuangalia kilichokubaliwa."

"Kwani wewe ukishamimina maji kwenye mtungi huwa unarudi kuyapima?"

Mama Mizani akaomba aonyeshwe watoto wengine, akaanza kusoma majina huku akiyakumbuka matumbo, mapaja na vilio vyao. Hapo akamwona mmoja aliyemfanya ashike ukingo wa meza. Mtoto wa kiume, mdogo wa mwili, mbavu unazihesabu. Mwezi jana alikuwa tano nukta tisa. Mwezi huu sita nukta sifuri. Kistari kimoja tu kwa mwezi mzima, na yeye mwenyewe Mama Mizani alimwambia mama yake apite kwa Sista, na mama akajibiwa dirishani kwamba kompyuta inasema mtoto yuko salama. Maana kompyuta ilikuwa na tano, kisha sita. Kwa kompyuta yule mtoto alikuwa ameongezeka kilo nzima. Hakuwa na alama nyekundu.

"Ee Mungu," alisema taratibu. "Walionona wako kwenye orodha, na anayekwisha hayumo."

Alimwambia Karani atume mtu akamwite mama wa yule mtoto siku hiyo hiyo, akafike kwa Sista Mkuu na kadi mkononi. Kisha akakaa kumsubiri adui yake.

Mtaalamu alikuja Alhamisi, siku yake ya kukagua kompyuta. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mkoba mweusi begani na sura ile ile ya marehemu baba yake, hasa pua. Mama Mizani alimkuta ameinama kwenye kompyuta ya Karani.

"Habari," alisema binti bila kuinua macho. Hakumwamkia. Alimsalimia kama anavyomsalimia mlinzi wa geti.

"Nzuri. Nina swali la kisanduku cha uzito."

"Maswali apewe Karani, ataniandikia."

"Nimekuja na mdomo wangu mwenyewe."

Binti akageuza kiti. "Haya. Tuseme. Unajua programu ni nini, au nianzie mbali?"

"Anzia unapotaka, mimi sina haraka. Kesho nahamishiwa kwenye mashuka kwa sababu yako."

"Kwa sababu yangu?" Binti alicheka kwa pua. "Sikiliza basi. Lugha ninayoandikia ni kali, haina mchezo. Kabla hujaweka kitu chochote, kila kisanduku unakitangazia aina yake. Hiki cha jina ni maandishi. Hiki cha jinsia ni herufi moja tu. Hiki cha chanjo ni ndiyo au hapana, hakuna labda. Hiki ni cha namba nzima. Hiki ni cha namba yenye nukta. Ukikileta kitu cha aina nyingine, inakugomea hapo hapo. Kwa hiyo ikiwa kuna uchafu, umeletwa na watu. Mashine haijui kukadiria kwa macho."

Neno hilo lilimwingia Mama Mizani mahali pake. Kumbe Sista Mkuu ameshamsimulia.

"Hicho cha namba ya simu ya mzazi ni aina gani?"

"Maandishi."

"Si namba?"

"Inaitwa namba, lakini hujumlishi simu mbili ukapata ya tatu. Na ukiiweka kwenye kisanduku cha namba, ile sifuri ya mbele inapotea. Hayo ni mambo ya darasa la kwanza."

"Vizuri. Unajua kazi. Na uzito ni aina gani?"

Binti akafungua mdomo. Akaufunga. Akageukia skrini na kuanza kubonyeza haraka haraka, kurasa za maandishi yasiyosomeka zikipanda kama mchwa. Kisha vidole vikasimama.

"Namba nzima," alisema kwa sauti ndogo.

"Namba nzima haina nukta."

"Najua namba nzima ni nini!"

"Na ilipogoma wiki ya kwanza, ukafanyaje?"

Karani alijifanya anapanga kadi.

"Karani alinipigia nikiwa kwenye kazi nyingine," alisema binti hatimaye, akiongea na skrini. "Anapiga kelele, foleni, foleni. Kubadilisha aina ya kisanduku kungetaka nibadilishe sehemu kumi, na ripoti pia. Nikaweka mstari mmoja wa kulazimisha. Chochote kinachokuja, kikate kuanzia kwenye nukta, kilichobaki kiingie. Nikasema nitarudi kurekebisha."

"Hukurudi."

"Sikurudi."

"Ukawakata watoto kwa mstari mmoja."

"Usiniongelee kama nimeua mtu! Mfano wa uzito nilipewa ripoti ya mwaka, imeandikwa kilo sita, kilo saba, hakuna nukta hata moja. Ningejuaje mizani yenu ina vistari?"

"Ungekuja chumbani ukaiona."

Binti alisimama, kiti kikagonga ukuta. "Nilikuja! Nilikuja, ukanifungia mlango! Nikasikia komeo kwa masikio yangu. Ulitaka nibishe hodi, halafu uniulize nimekuja kuzika au kuhamia?"

Karani akatoka nje bila kuaga.

"Adabu, msichana," alisema Mama Mizani, lakini sauti haikuwa na mifupa.

"Adabu ulinifundisha vizuri sana, mbele ya watu mia mbili. Na ulijua baba ndiye aliyekataza nisiitwe. Alisema nimalize mtihani kwanza. Wewe ndiye uliyemshikia simu akiyasema hayo. Ulijua, ukaniacha niliwe nyama."

Lilikuwa kweli. Mama Mizani alijua. Alikaa na hilo miaka minne, akilipitia kwenye sala zake kwa haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa.

"Kesho saa tatu," alisema mwishoni. "Ofisini kwa Sista. Utasema au hutasema, shauri yako."

"Nikisema napoteza kazi hii na zahanati nyingine nne."

"Najua."

"Basi usinisubiri."

Ijumaa saa tatu barua ilikuwa mezani, imepigwa muhuri. Sista Mkuu alikuwa ameshamwona yule mtoto wa mbavu na kadi yake, kwa hiyo uso wake haukuwa wa juzi, lakini bado ulikuwa wa kununa. Mama Mizani alieleza. Alieleza vibaya, mambo ya nukta, visanduku na mstari wa kulazimisha yakamchanganya ulimi, na Karani aliyeitwa kuwa shahidi alisema tu kwamba yeye huandika alichoonyeshwa.

"Yaani kompyuta inakula namba zako," alisema Sista Mkuu.

"Ndiyo."

"Na nimwulize nani? Mtaalamu anasema programu iko sawa, tuliongea Jumatatu."

"Haiko sawa."

Ilikuwa sauti ya mlangoni. Binti alikuwa amesimama na mkoba wake begani, kama mtu ambaye hajaamua kuingia.

"Uzito niliutangaza kuwa namba nzima. Ni kosa langu. Ilipogoma nikailazimisha ikate nukta, hilo ni kosa kubwa zaidi, maana lugha ilikuwa inanionya na mimi nikaiziba mdomo. Mama huyu anapima sawasawa." Akageuka kumtazama shangazi yake. "Na usidhani nasema kwa ajili yako. Ile mizani ingesomwa na mtu mwingine yeyote ningesema hivi hivi."

"Sijadhani," alisema Mama Mizani.

Sista Mkuu alizitazama nyuso zao moja baada ya nyingine. "Ulikaa kila meza siku nzima. Ulishindwaje kuona mizani ina nukta?"

Binti akabana midomo. Mama Mizani aliona ile pua ya kaka yake imekunjamana, akajua hatalisema hili, maana kwake ilikuwa afadhali kuonekana mvivu kuliko kuonekana aliyefukuzwa mlangoni. Barua ilikuwa pale mezani, wino wa muhuri bado unang'aa. Angenyamaza tu, ingechanwa, na yeye angetoka msafi kabisa.

"Nilimfungia mlango," alisema. "Siku ya chumba changu. Nilimsikia anakuja nikakomea."

"Kwa nini?"

"Ugomvi wa nyumbani. Wa msibani."

Sista Mkuu alipoongea hakupandisha sauti, jambo lililokuwa baya zaidi. "Kwa hiyo watoto mia tatu wa zahanati hii wamepimwa na ugomvi wenu. Mimi nimewatukana mama za watu kwa ugomvi wenu. Na mwingine ana mtoto anayeyeyuka, tukamrudisha nyumbani." Akaichana barua ya mashuka. Akavuta karatasi nyingine tupu. "Mama Mizani, utabaki kwenye mizani. Lakini hii ni barua ya onyo, itakaa kwenye faili lako mpaka ustaafu. Na wewe binti, wakubwa wako watapata yangu leo. Kisanduku kirekebishwe kabla ya jua kuzama."

Kisanduku kilirekebishwa mchana. Lakini kile kilichokatwa mashine haikuwa imekihifadhi popote, hata kwenye kona. Vistari vya miezi mitatu vilibaki mahali pamoja tu, kwenye kadi, chini ya magodoro na ndani ya makabati ya watu. Ikabidi akina mama waitwe wote warudi nazo.

Walikuja kwa wiki mbili, wamevimba kwa hasira. Mama Mizani na binti wa kaka yake walikaa meza moja dirishani, mmoja anasoma, mmoja anaandika. Hawakuongea lingine.

"Sita nukta moja. Sita nukta tano. Sita nukta tisa."

"Tisa nimeipata. Mwingine."

"Kwa hiyo hakuna aliyekuwa na njaa!" alifoka mama mmoja, akaitupa kadi mezani mpaka ikateleza sakafuni. "Mume wangu hajala chakula changu wiki nzima, anasema nampa mtoto maji matupu. Nani atakwenda kumwambia? Wewe? Au huyu mdogo wako?"

"Sio mdogo wangu," alisema Mama Mizani, akainama kuokota kadi.

"Sio ndugu yangu," alisema binti wakati ule ule.

Mama yule aliwatazama pua na paji la uso, akasonya, akasema, "Mnafanana kama makalio mawili," na foleni nzima ikacheka bila huruma.

Kadi ya mwisho iliposomwa binti alifunga mkoba, akamuaga Karani, akatoka. Hakugeuka. Mama Mizani alimsikia anavyopita koridoni, akajua bado anadaiwa ukweli mmoja, na kwamba waliopaswa kuusikia ni wale mia mbili wa msibani, ambao wengine wao wameshakufa. Alimwomba Mungu amwonyeshe pa kuanzia. Hakuonyeshwa upesi.

Jumatatu akarudi kwenye mizani yake. Mtoto wa kwanza akavishwa suruali ya buluu, akapiga kelele, akatulia. Mama Mizani akainama, akasoma, akashika kalamu.

"Nukta ngapi?" aliuliza mama wa mtoto, akiwa amemsimamia begani.

Mama Mizani aligeuka na lile jicho lake la figo. Mama hakurudi nyuma. Nyuma yake, benchi zima lilikuwa limenyoosha shingo.

"Nimeuliza nukta ngapi. Nisomee, na mimi nione."

Mama Mizani akasogea pembeni, akampisha mbele ya uso wa mizani.

"Nukta tatu," alisema. "Hesabu mwenyewe."

Mama akahesabu kwa kidole, kistari kwa kistari, midomo ikicheza. Kisha akaita wa pili yake benchini aje naye ahesabu.